Machale au Kalamu? Namna ya Kujua Lini Ufuate Hisia ya Kwanza na Lini Ukae Upige Hesabu

Kila Jumamosi kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinapokutana hapa Makorora, Tanga, tukishafunga sanduku kuna mtu hubaki nyuma. Huvuta kiti karibu na mimi, na swali huwa lilelile, limevaa kanga nyingine tu. "Mama Katibu, hesabu inakubali lakini roho inakataa, nifanyeje?" Au kinyume chake: "Machale yamenicheza kuwa hii ndiyo riziki yangu, ila mume wangu anataka tuandike kwanza." Huyu anataka friji la mtumba, yule kiwanja, mwingine anataka kumwachia shemeji yake genge. Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, na wiki inayofuata anakuja mwingine na lilelile. Ndiyo maana nimeandika.

Methali hazikuamulii. Ukitaka kungoja utaambiwa haraka haraka haina baraka, na ukitaka kukimbia utaambiwa ngoja ngoja yaumiza matumbo. Zote ni za kweli. Kazi ni kujua leo uko kwenye ipi, na kazi hiyo ina hatua zake.

Maneno mawili tu kabla ya kuanza. Akili ina miendo miwili. Mmoja huja wenyewe: mwanao akisema "haloo" kwenye simu, unajua ana jambo kabla hajalitaja. Mwingine mpaka uuite: nikikwambia ugawe shilingi 138,000 kwa watu 11, unasimama, unakunja uso, unatafuta kalamu. Wanasaikolojia Keith Stanovich na Richard West mwaka 2000 waliiita mfumo wa kwanza na mfumo wa pili, na Daniel Kahneman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, ndiye aliyeyafanya majina hayo yajulikane na watu wengi. Mimi naita machale na kalamu.

Jipime hapo ulipo. Samaki mmoja na ndimu moja vimegharimu shilingi 5,500. Samaki amezidi ndimu kwa shilingi 5,000. Ndimu ni shilingi ngapi?

Kama umesema 500, rudi uhesabu. Ndimu ikiwa 500, samaki ni 5,500, na jumla inakuwa 6,000. Ndimu ni 250 na samaki ni 5,250. Mtafiti Shane Frederick alitunga maswali matatu ya aina hii na mwaka 2005 akatoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000 huko Marekani, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Theluthi moja hawakupata hata swali moja. Waliopata yote matatu walikuwa 17 katika kila 100. Kwa hiyo usione haya. Ila angalia jinsi ile 500 ilivyokuja: ilikuja haraka, ikakaa kama ya kweli, wala haikukuuliza kitu. Jibu la machale lililo sawa na lililo kosa huja na sura ileile, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

MAHITAJI

Daftari moja la kurasa 48 ambalo halitatumika kwa kazi nyingine. Usiandike kwenye simu, maana ujumbe utaingia na utaacha katikati. Kalamu. Kikokotoo cha simu, hicho ruksa. Usiku mmoja wa kulala, na kwa jambo kubwa siku tatu au nne. Na mtu mmoja asiyefaidika kwa lolote ukisema ndiyo au hapana. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata. Dalali si huyo. Ndugu atakayekaa bure kwenye hiyo nyumba naye si huyo.

HATUA

1. Andika jibu la kwanza, kisha lifunike.

Jambo likikujia, kabla hujamuuliza mtu, andika tarehe na mstari mmoja: "Naona ninunue" au "Naona nisinunue." Weka na uhakika wako, moja mpaka kumi. Halafu funua ukurasa mwingine. Watu hudhani nawaambia wayatupe machale, la hasha. Yaandike kwa sababu baada ya siku mbili utajiapiza kuwa uliwaza vingine tangu mwanzo, na daftari ndilo litakaloshuhudia.

Tahadhari: usiandike sababu bado. Ukianza na sababu, moyo utakuwa umeshaamua na mkono unatafuta mawakili.

2. Jiulize: bahari hii imenifundisha?

Hatua hii ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo wote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwa miaka 19 nilinunua samaki mnadani, soko la Deep Sea. Asubuhi mashua zinaingia, wapagazi wanakimbia na matenga, dalali anamwaga tenga la changu na tasi kwenye sakafu iliyolowa na papo hapo anaanza kuita bei. Una muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, basi. Siku moja lilimwagwa tenga zuri: macho maangavu, mashavu mekundu, bei ya chini. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka, ukarudi wenyewe. Sikujua kwa nini. Shoga yangu akanunua. Tulipofika kwenye ubao wa kuparia, akampasua wa kwanza: mfupa wa mgongo umekatika katikati, tumbo limejaa damu iliyovia. Akampasua wa pili, vilevile. Samaki wa bomu, waliovuliwa kwa baruti. Nyama ilikuwa inamomonyoka kwenye kisu, na mteja wa hoteli hawezi kupokea kitu kile.

Jioni nikiwa nakanda unga ndipo nilipokumbuka nilichoona. Ni namna walivyoanguka. Changu wa mshipi akimwagwa asubuhi hubaki amekakamaa, anagonga sakafu. Wale walilala kama matambara yaliyoloweshwa. Jicho lilikuwa limeona, mkono ukatii, ulimi ndio uliochelewa.

Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia miaka akizungumza na viongozi wa vikosi vya zimamoto. Mmoja alimsimulia kuwa waliingia nyumba iliyokuwa ikiwaka jikoni, wakamwaga maji, moto haukujali. Chumba kilikuwa na joto kupita kiasi na kimya kupita kiasi. Akaamuru wote watoke, bila kujua kwa nini. Muda mfupi baadaye sakafu iliporomoka; moto wenyewe ulikuwa chini yao, kwenye chumba kilicho chini ya sakafu. Yeye aliamini ana kipawa cha kuhisi mambo ya ghaibu. Klein aliona kitu kingine: moto mia aliouzima kabla ya huo ulikuwa umemfundisha moto wa jikoni unavyosikika, na huu haukusikika hivyo.

Klein aliyapenda machale ya wazoefu. Kahneman aliyatilia shaka. Badala ya kurushiana maneno walikaa pamoja miaka kadhaa, na mwaka 2009 wakaandika walipokubaliana. Machale ya kuaminika yanataka mambo mawili, na mimi nayageuza kuwa maswali ya kuandika daftarini:

(a) Je, jambo hili lina mwenendo unaojirudia, kama maji kujaa na kupwa?

(b) Je, nimelifanya mara nyingi, na kila mara nikajua upesi kama nimepatia au nimekosea?

Nahodha wa ngalawa anajibu ndiyo kwa yote mawili. Anajua kusi na kaskazi, anajua bamvua na maji mafu, na akikosea bahari humwambia siku hiyohiyo. Mama lishe anayejua kwa harufu kuwa wali umeanza kushika chini naye ni ndiyo na ndiyo. Fundi baiskeli wa Ngamiani anayesikia mnyororo unapita akajua meno ya gia yamelika, huyo pia. Hawa wafuate machale kwenye kazi zao, wala wasipotezewe muda na daftari langu.

Sasa kiwanja. Wengi wetu tunanunua kimoja au viwili maishani, na kosa lake hujulikana baada ya miaka, siku mtu mwingine anapokuja na karatasi zake. Hapana na hapana. Mkopo wa riba, hapana. Mshirika wa biashara mpya, hapana. Ukipata hapana, hata ikiwa moja tu, machale yako hayana mwalimu. Endelea hatua ya 3.

Naomba unisikilize hapa, maana nililipa ada ya somo hili. Baada ya miaka ile ya mnadani nilijiona nina jicho. Watu walinisifu: "Mama huyu hadanganywi." Akaja mtu na kiwanja nje kidogo ya mji, mpole, ana salamu nzuri, anajua ukoo wetu. Kifuani nikasikia ule utulivu ninaousikia mbele ya nguru mzuri. Kwa saa mbili nilikuwa nimeshatoa 1,800,000 za awali. Sikuwauliza majirani wa pande nne, sikupita serikali ya mtaa, sikufika ofisi ya ardhi. Kiwanja kilikuwa na wenyewe wawili mbele yangu. Pesa ile mpaka leo haijarudi yote. Jicho langu la samaki lilikuwa jicho la samaki tu. Machale hayahami na wewe kwenda kazi nyingine, ila ule uhakika wa kifuani huhama, na ndio unaotuponza.

3. Kagua mwili kabla ya kukagua jambo.

Andika ukweli: una njaa? Una hasira? Umeaibishwa mbele za watu? Unamwogopa anayekuuliza, au unampenda? Kama jibu ni ndiyo, hatua hii inaisha kwa kusema "kesho". Wale wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au wanaopiga simu kuwa mtoto ameanguka shuleni anataka pesa ya hospitali sasa hivi, wanafanya kazi moja tu: kukuzuia usifike kwenye kalamu. Hofu na haraka ndiyo mtaji wao. Dawa yake ni ndogo. Kata simu, piga mwenyewe kwa namba unayoijua.

4. Vunja jambo vipande, kila kipande kipe alama peke yake.

Mwaka 1955 Kahneman alikuwa askari kijana wa miaka 21 jeshini Israeli, akapewa kazi ya kutengeneza usaili wa vijana wapya. Wasaili walikuwa wakizungumza na kijana, kisha wanasema wanavyomwona. Makisio yao hayakuwa na maana. Yeye akawapa sifa sita za kuulizia moja moja, kila moja alama yake, na wakimaliza moja ndipo waende nyingine. Walikasirika, wakasema anawafanya mashine. Lakini makisio yakawa bora zaidi.

Fanya hivyohivyo. Andika mambo matano au sita yanayopimika, kila moja lipe alama 1 mpaka 5 bila kutazama mengine. Nikuoneshe kwa kijana mmoja wa boda aliyenijia mwezi uliopita.

"Shikamoo mama. Kuna bosi ananipa pikipiki ya mkataba. Mtu wa dini, ana huruma, moyo wangu umeridhika kabisa."

"Marahaba mwanangu. Hesabu ya kila siku ni shilingi ngapi?"

"Elfu kumi, siku ishirini na sita za mwezi, miezi kumi na tano. Halafu inakuwa yangu."

Nikampa kalamu. Elfu 10 mara 26 ni 260,000 kwa mwezi. Mara miezi 15 ni 3,900,000. Pikipiki ileile dukani, alikuwa ameuliza mwenyewe, taslimu ni 2,800,000. Akakaa kimya akitazama ile 1,100,000 ya juu. Hakuwa ameiona kwa sababu alikuwa anaitazama huruma ya bosi. Tukaandika vipande: bei yote, nani analipia matengenezo, ikiibwa nani anabeba, siku za kuumwa zinahesabiwaje, kadi ya pikipiki itaandikwa jina la nani na lini, na mwisho ndiyo tabia ya bosi. Tabia akampa 5. Kadi akaandika 1, kwa kuwa hakuna aliyeitaja. Hakuukataa mkataba. Alirudi kwa bosi na karatasi, kwa adabu, wakakubaliana miezi 12, yaani 3,120,000, na maandishi kuhusu kadi. Bosi hakukasirika hata kidogo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tahadhari: uzuri wa kipande kimoja humwagikia vingine. Mtu akiongea vizuri, tutaanza kuona hata kiwanja chake kina maji. Ndiyo maana alama zinatolewa moja moja, na tabia ya mtu inakuja mwisho.

5. Kwa jambo kubwa, chora safu mbili na uziache wazi siku tatu au nne.

Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa akisumbuliwa na uamuzi mgumu, akamweleza njia yake. Gawa karatasi kwa mstari, upande mmoja sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa. Kwa siku tatu nne ongeza kila kinachokujia. Kisha futa zinazolingana: moja ya huku kwa moja ya kule, au mbili ndogo kwa moja kubwa. Tazama upande uliobaki na kitu.

Watu wetu huharibu hatua hii kwa kuimaliza kwa kikao kimoja. Siku nne zina sababu. Kwa kikao kimoja unaandika kilicho juu ya ulimi tu. Siku ya tatu ukiwa unafua ndipo unapokumbuka kuwa njia ya kwenda kwenye kile kiwanja hujaa maji wakati wa masika.

6. Jifanye mwaka umepita na jambo limeharibika.

Hii ni ya Klein tena. Usijiulize "je, litaharibika?" maana utajijibu "inshallah halitaharibika" na kufunga daftari. Sema hivi: ni mwaka ujao, mwezi kama huu, na biashara imekufa. Andika kwa dakika kumi imekufaje. Fanya hivyo pamoja na yule mtu wako asiye na maslahi, kila mmoja aandike peke yake kabla ya kusomeana. Utashangaa. Mama mmoja wa kikundi chetu alitaka kufungua duka la barafu na juisi. Nilipomuuliza kama ana wasiwasi wowote alisema hana. Nilipomwambia "mwaka umepita, duka limefungwa", akaandika mistari tisa bila kunyanyua kichwa, wa kwanza ukiwa umeme. Yalikuwamo yote kichwani. Swali la awali tu ndilo lililokuwa limeyafungia mlango. Alifungua duka, ila kwa friji moja badala ya mawili.

7. Sasa fumba macho.

Wale wasaili wa mwaka 1955, kwa kuwa walinung'unika, Kahneman aliwaongezea jambo moja: mkimaliza alama zote sita, fumba macho, mfikirie kijana huyu akiwa askari, kisha toa alama moja ya jumla kwa hisia tu. Ile alama ya kufumba macho ilikuwa nzuri sawa na jumla ya zile sita. Machale yaliyotangulia usaili hayakufaa kitu, na yaliyokuja baada ya kazi yakafaa.

Kwa hiyo ukiwa umemaliza vipande, safu na mwaka ulioharibika, funga daftari, kaa kimya, na usikilize. Jibu linalokuja sasa limekula chakula. Liandike na uhakika wake, moja mpaka kumi.

8. Fungua ukurasa wa kwanza, linganisha, amua, andika tarehe ya kurudi.

Majibu mawili yakifanana, endelea kwa amani. Yakitofautiana, fuata la hatua ya 7 na uandike ni kitu gani kilichokugeuza. Kisha weka tarehe: "Tarehe 1 Machi nitakuja kuangalia." Usipoweka tarehe hutarudi, na usiporudi utakaa miaka 20 bila kujifunza lolote. Ukishapata maamuzi kama ishirini ya aina moja yenye majibu yake, utaanza kuona machale yako yanapatia wapi. Huko unaweza kuyaruhusu kutangulia.

MAKOSA NINAYOYAONA MARA KWA MARA

Kuanzia kwenye bei ya muuzaji. Bei ya kwanza ni nanga. Utavuta kamba, utasogea huku na huku, lakini utazunguka pale ilipozama. Amos Tversky na Kahneman walieleza mwaka 1974 jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Walioona 10 makisio yao yalikuwa kama 25, walioona 65 yakawa kama 45. Na gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika! Basi itakuwaje kwa muuzaji anayejua anachofanya? Andika bei yako daftarini kabla hujasikia yake.

Kuuliza watu wanaokubaliana nawe. Ukiwa na wazo, unaenda kwa shoga unayejua atasema ndiyo, na unarudi ukisema umeshauriana. Muulize mtu swali la kinyume: "Niambie kwa nini hii ni mbaya."

Kupeleka kalamu mahali pasipo pake. Usichague kanga kwa safu mbili. Wanasaikolojia Timothy Wilson na Jonathan Schooler mwaka 1991 waliwaonjesha wanafunzi jamu za aina tano. Walioonja na kusema tu ipi tamu walikaribiana na wataalamu wa kuonja. Walioambiwa waandike sababu kwanza walipotea, kwani sababu rahisi kuandika si lazima ziwe ndizo zilizoufurahisha ulimi. Rangi, ladha, jina la kanga linalokugusa, hayo yaachie moyo. Hata kwenye ndoa, kalamu iulize madeni ya mtu, tabia yake na alivyoishi na watu. Kama unampenda, hakuna safu itakayokujibu.

UKIKWAMA

"Muuzaji anasema kuna mtu yuko njiani na pesa mkononi." Mwambie, "Mungu ambariki, akifika mpe." Kama jambo limepata hapana kwenye hatua ya 2 na huruhusiwi hata usiku mmoja, jibu lako ni hapana. Kukosa kiwanja kizuri kunauma wiki mbili. Kile kibaya bado kinaniuma.

"Nimeandika mpaka kichwa kinauma, na pande zote ziko sawa." Kama zimelingana kweli, basi kosa lako litakuwa dogo upande wowote utakaokwenda. Lala usiku mmoja kama mtu aliyeshasema ndiyo, na usiku wa pili kama aliyesema hapana. Asubuhi ipi uliamka mwepesi? Chukua hiyo.

"Sijui kama ni machale au ni woga tu." Kwangu mimi machale huwa na mahali: ni huyu mtu, ni hii karatasi, ni namna samaki alivyolala. Woga wa kawaida unatembea nami mpaka jikoni na kunikuta kwenye kila jambo jipya. Jaribu kumalizia sentensi hii kwa kalamu: "Sikipendi kwa sababu ya..." Ukipata kitu kimoja cha kushikika, kakichunguze hicho. Usipokipata, endelea na hatua ukiwa na woga wako. Hauzuii mkono kuandika. Ila kuna jambo moja silitilii masharti: mahali au mtu akikutia hofu ya mwili wako, ondoka kwanza. Kalamu utaishika nyumbani.

"Mzee ameshaamua, na daftari linaonekana kama ubishi." Usimpinge barazani. Mfuate wakati ametulia, mwamkie, kisha umwombe msaada kwa swali moja tu: "Baba, nisaidie, ikitokea mwaka ujao hii imeharibika, unadhani itakuwa imeharibikia wapi?" Mzee aliyeona mengi hujibu swali hilo kwa raha, na mara nyingi hujibu vizuri kuliko sisi.

"Nimeshalipa nusu, siwezi kuacha sasa." Swali hili huja na machozi, nami nililia vilevile. Pesa iliyokwenda haiingii kwenye safu yoyote, si ya kukubali wala ya kukataa, kwa kuwa haitarudi kwa wewe kuongeza nyingine. Dai haki yako kwa njia zake, mwenyekiti wa mtaa na barua, lakini hilo liwe na ukurasa wake. Kwa hiyo nusu iliyobaki, fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo, na anza hatua ya 1 kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaoneshwa kitu hicho.